Mkono Begani

Wivu ni ugonjwa wa watu wasio na kazi, na mimi kazi ninayo. Wengine wana vidonda vya tumbo, wengine wana kijiba cha roho. Mimi nashukuru nina tumbo zima na roho nyeupe kama shuka la hotelini. Muulize yeyote mtaani kwetu. Mtu akinunua pikipiki, wa kwanza kumpongeza ni mimi. Ikiibiwa, wa kwanza kumpa pole ni mimi, na sikatai kwamba pole hunitoka kwa ufasaha zaidi, lakini hilo ni suala la kipaji.

Basi mwenyekiti wa tawi la chama chetu alipotangaza kwamba magoti yake yamemwomba apumzike, wanachama wakaanza kutaja majina ya watu wa kumrithi. Mimi nilikuwa kiti cha mbele. Nikakunja nne, nikaweka uso wa mtu ambaye hajui kitu, nikasubiri kulisikia jina langu.

Wakamtaja mdogo wangu.

Tena si kwa kunong'ona. Waliomtaja ni fundi viatu, kinyozi na akina mama wawili, kwa mpigo, kama waliofanya mazoezi. Nikageuka kumtafuta. Alikuwa kiti cha mwisho kabisa, ameshika mkoba mapajani, macho yamemtoka kama aliyeitwa na daktari.

Nieleze kidogo, msije mkasema natia chumvi. Mtaani mimi naitwa Spika. Nafanya kazi kwenye duka la kukodisha viti, maturubai na vipaza sauti, na kwa miaka sita hakuna mkutano wa tawi uliofanyika bila mimi kushika maikrofoni. Mimi ndiye niliyekuwa nikisema "Chamaaa!" na watu mia wakaitikia "Juu!" Mimi ndiye niliyekuwa nikiwachekesha umeme ukikatika. Nilijua ni lini watapiga makofi kabla wao wenyewe hawajajua. Sasa niambie, mtu wa namna hiyo akitafutwa kiongozi, unamruka vipi?

Mdogo wangu huyu wa kike ni karani wa mapokezi kwenye zahanati. Nimemtangulia miaka mitatu duniani na miaka minne chamani. Sauti yake ni ya mbu aliye na mafua. Chamani nilimwingiza mimi mwenyewe: siku moja nilipungukiwa na watu wa kupanga viti, nikambembeleza aje anisaidie. Alivipanga vyote, akavinyoosha kwa mistari kama daftari lake la wagonjwa, kisha badala ya kwenda zake nyumbani akakaa kwenye kimoja akasikiliza. Tangu hapo hakukosa mkutano. Ndiyo maana nasema kosa langu halikuwa kumwita, kosa langu lilikuwa kuleta kiti kimoja zaidi.

Mwaka mzima hakusema neno. Kisha siku moja akanyoosha mkono, akauliza, "Samahani, huu ukumbi ni wa chama au ni ghala la saruji?"

Ukumbi mzima ulicheka hadi mabati yakatetemeka, na mimi sijawahi kupata kicheko kama kile hata kwa kichekesho cha robo saa. Kilichowachekesha ni kwamba kila mtu alikuwa analijua jibu. Makamu mwenyekiti ni muuzaji wa saruji wa jumla, na mifuko yake ilikuwa imejaza nusu ya ukumbi tangu mvua za mwaka juzi. "Ni kwa muda tu," alikuwa akisema. Makamu huyo tunamwita Kwa Kifupi, kwa sababu kila hotuba yake huanza na maneno hayo, na ukiyasikia unajua umekosa chakula cha mchana. Mama yetu na wenzake kumi na mmoja wa kikundi cha ushonaji walikuwa wanashonea kwenye baraza inayovuja. Waliuomba ukumbi mara tatu, wakajibiwa kwamba saruji haipatani na vumbi la nyuzi. Mdogo wangu aliahidi jambo moja tu: akichaguliwa, mifuko itatoka na vyerehani vitaingia. Basi. Hakuna barabara, hakuna daraja. Ahadi ndogo hivyo, mtu mzima unaona hata aibu kuitangaza. Na watu wakampenda kwayo.

Kwa Kifupi naye akachukua fomu. Uchaguzi ukawekwa Jumapili ya tatu, na familia ikaniteua mimi kuwa mpiga debe wa mdogo wangu. Sikuombwa. Mama alisema tu, "Mdomo unao, mpe mwenzio kazi."

Nyumbani kukawa hakukaliki. Meza niliyokuwa natengenezea nyaya zangu ikawa ya hotuba.

"Mpishe mwenzio," mama aliniambia, "ana kazi."

"Na mimi ninachofanya hapa ni nini, mama, napunga upepo?"

"Wewe nyaya zako hata chini zinakaa."

Nikashuka chini na nyaya zangu. Kutoka sakafuni niliona miguu ya mdogo wangu chini ya meza, imefungamana kama ya mtoto anayefanya mtihani. Alikuwa anaandika, anafuta, anaandika.

"Kaka," akasema, "maikrofoni inashikwaje? Wewe ndiye fundi."

Nimsifu Mungu, nilimjibu vizuri. Nikamwambia aisogeze mdomoni kabisa, kama anataka kuila, tena asimame karibu na spika ili ajisikie mwenyewe. Mtu yeyote aliyewahi kushika kifaa kile anajua kinachotokea hapo.

Kikatokea. Kwenye mkutano wake wa kwanza wa kampeni chombo kilipiga mayowe, mbwa wa mtaa wa pili wakaitikia. Watu wakaziba masikio. Nikasema moyoni, haya sasa, tuone. Yeye akacheka, akaiweka maikrofoni chini taratibu kama anayelaza mtoto, akasema kwa ile sauti yake ya mbu, "Hiki kimenikataa. Sogeeni." Na wakasogea! Waliacha viti vyangu mia na ishirini, wakaja kumzunguka kama wanaota moto. Nilibaki nyuma na mitambo yangu, nimezungukwa na viti vitupu.

Nikaona nibadilishe mbinu. Nikapita nyumba kwa nyumba nikimsifu, ila sifa nazo zina namna zake.

"Mchagueni dada yangu," nikamwambia fundi viatu, "ila mjiandae. Huyo ni mkali! Nyumbani ukimaliza sukari anakuandikia barua ya onyo, na nakala anampa mama."

Fundi viatu akaacha kupiga nyundo. "Na nakala anaweka?"

"Anaweka kwenye faili!"

"Ndiye tunayemtaka huyo. Mimi nilijiunga miaka kumi iliyopita, hadi leo fomu yangu haionekani."

Kwa kinyozi nikasema hana sauti. Kinyozi akajibu sauti zimemchosha, dukani kwake tu zinamtosha. Kwa muuza mkaa nikasema ni mdogo mno. Muuza mkaa akasema kweli, ndiyo maana atadumu. Kila jiwe nililorusha liliokotwa likajengewa msingi. Halafu siku nimekwenda kunyoa kwa kinyozi yuleyule, mteja mmoja akanikagua kwenye kioo akasema:

"Kumbe wewe ndiye kaka yake?"

"Yeye ndiye mdogo wangu."

"Si ndiyo hivyo hivyo?"

"Si hivyo hivyo hata kidogo."

Akacheka akidhani natania. Miaka sita nimekuwa Spika. Ndani ya wiki tatu nikawa kaka yake fulani. Hata bosi wangu dukani alianza kuniuliza, "Dada hajambo?" kabla hajauliza viti vingapi vimerudi. Usiku nilikuwa nalala vizuri tu, msifikiri vingine. Ni asubuhi ndiyo ilikuwa mbaya, nikimsikia mama anampigia pasi blauzi huku anaimba. Mimi shati langu sijui mara ya mwisho liliimbiwa lini.

Sasa niwaambie tunavyopiga kura, maana hapo ndipo penye mambo. Tawi letu halitumii karatasi. Mwaka fulani karatasi zilizidi wapiga kura kwa arobaini na mbili, na hakuna aliyekuwa amejifungua. Tangu hapo tunapanga foleni. Wagombea wanasimama mwisho wa ukumbi, uso ukutani, mgongo kwa watu, wasije wakamkariri mtu wakamwekea kinyongo. Mwanachama wa kwanza anaweka mkono kwenye bega la mgombea wake, wa pili anashika bega la wa kwanza, na kuendelea. Ukishashika bega umeshapiga kura: hakuna kuhama, hakuna kugeuka nyuma, hakuna kujihesabu mara mbili. Na kwa kuwa nusu ya ukumbi ilikuwa saruji, foleni hazikuenea ndani. Ya mkono wa kulia ilitokea mlango wa kulia, ya kushoto mlango wa kushoto, mikia yote miwili ikaishia uani.

Asubuhi ya Jumapili mdogo wangu alinisimamisha koridoni. Alikuwa ameshika kuta kama yuko melini.

"Kaka, nikuombe kitu. Uwe wa kwanza nyuma yangu. Nitakuwa nimeangalia ukuta, sitajua kama kuna mtu au hakuna. Nikisikia mkono wako nitatulia."

"Nani mwingine tena?" nikamjibu. "Mkono wangu utakuwa pale kabla ukuta haujakuona."

Na nilimaanisha. Sikilizeni, wakati nasema nilimaanisha.

Saa nne msimamizi kutoka wilayani akafungua kikao. Kwa Kifupi akasema kwa kifupi, hadi saa tano na nusu. Mdogo wangu akasema dakika nne, bila maikrofoni, akakaa. Makofi yaliyofuata, jamani! Niliyahesabia muda kwa mazoea ya kazi: yalizidi makofi yangu yote ya mwaka ule ukiyaunga. Mzee mmoja pembeni yangu akamwambia mwenzake, "Huyu binti hataishia tawini. Andika." Na mwenzake akajibu, "Halafu kaka yake ni yule mchekeshaji." Mchekeshaji!

Hapo ndipo nikapiga hesabu. Atashinda, hilo kipofu angeliona. Atashinda kwa watu ishirini, labda thelathini. Kura yangu moja itamfaa nini? Sikutaka ashindwe, naapa. Nilitaka ashinde kwa kuchechemea kidogo. Nilitaka siku moja, akiwa amekaa kwenye kile kiti kikubwa, kuwe na kitu kimoja duniani ninachokijua mimi ambacho yeye hakijui.

Msimamizi akapiga kengele. Wagombea wakageukia ukuta. Nikamshika mkono kinyozi.

"Nishikie nafasi pale mbele, niende nikazime mitambo isije ikaungua."

"Mitambo ni muhimu kuliko dada yako?"

"Ikiungua ya bosi, dada yangu atanilipia?"

Kinyozi akaenda, akaweka mkono begani kwa mdogo wangu. Nilikuwa hatua tatu tu kutoka pale, nimeinama nachomoa waya. Nikamwona mabega yakimshuka, kama mtu aliyetua ndoo. Akasema polepole, bila kugeuka, "Asante, kaka." Kinyozi alinitazama. Kisha akaguna tu, "Mm."

Mtu mwenye akili angerudi. Mimi nikakunja waya wangu, nikaufuata hadi mlango wa kushoto, nikatokea uani kwenye mkia wa foleni ya Kwa Kifupi. Mtu wa mwisho pale alikuwa mpakiaji wake wa saruji, pande la mtu, mgongo kama kabati.

"Spika!" akashangaa. "Umepotea njia?"

"Demokrasia, ndugu yangu. Usipige kelele."

"Mimi? Sijaona mtu." Akageukia mbele, anatetemeka kwa kicheko. Nikaweka mkono kwenye bega lake. Vumbi likapanda. Nimeshapiga kura.

Niliona raha, nisiwadanganye. Raha ya kama dakika mbili.

Kisha geti likafunguka, akaingia mama na kikundi chake chote. Walikuwa wamechelewa, walikuwa wanamalizia sare za shule za watu. Kumi na wawili, wameshika kadi zao za chama mkononi, vipande vya nyuzi bado viko kwenye nguo. Wakasimama katikati ya ua wakahema, wanatazama mikia miwili. Kutoka pale huwezi kuona mgombea. Unaona migongo tu. Karani wa getini alikuwa anasema kitu, kulia ni kwa nani na kushoto ni kwa nani, lakini nani anamsikiliza karani? Mama alikuwa ameshaniona.

"Yule pale mwanangu!" akasema. "Mfuateni huyo huyo."

Palikuwa na hatua kama ishirini kati yetu. Hatua ishirini ni nyingi. Ningeweza kusema, "Mama, si huku." Maneno matatu. Mimi huwaita watu kutoka mitaa mitatu bila hata betri. Nikafungua mdomo. Lakini nikilisema hilo, swali linalofuata ni moja tu: na wewe je, huku unafanya nini? Nikaufunga. Mpakiaji mbele yangu akaacha kucheka.

Mkono wa mama ukatua begani kwangu, ukanipigapiga mara mbili.

"Tumechelewa, mwanangu. Watu ni wengi?"

"Wengi, mama."

"Umefanya vizuri kukaa huku nyuma, uwaonyeshe watu njia. Mimi nilijua tu." Akawageukia wenzake kabla hajakatazwa. "Shikaneni, shikaneni, asiachwe mtu!"

Nikasikia mnyororo ukijiunga nyuma yangu, bega baada ya bega, mama wa cherehani cha kwanza, wa pili, wa tano, hadi wa mwisho. Kila mmoja akishika, uzito ulikuwa unanifikia.

Msimamizi akafunga geti, akaanza kuhesabu kwa kugusa vichwa na kalamu, anataja kwa sauti. Kwangu akasema hamsini na nane. Kwa mama, hamsini na tisa. Wa mwisho, sabini. Akaenda upande wa pili, akarudi, akatutangazia uani, "Huku sabini, kule sitini na tatu," akaingia ndani.

Akina mama wakapiga vigelegele. Wakakumbatiana. Mmoja alikuwa anauliza cherehani chake kitakaa dirisha gani. Kwa kuwa mitambo niliizima mwenyewe, hakuna aliyesikia jina likitangazwa ndani.

Mimi nilichomoka. Nilipita kulia, nikaingia ukumbini mbio, kwa sababu kama nilivyowaambia, kwenye pole mimi huwa wa kwanza. Mdogo wangu alikuwa ameshageuka kutoka ukutani. Alikuwa anampa Kwa Kifupi mkono, ananyoosha mgongo, kidevu kikimtetemeka kidogo tu. Kinyozi alisimama nyuma yake, anaangalia viatu.

"Pole, mdogo wangu," nikasema nikimkumbatia. "Pole sana. Watu hawana shukrani kabisa. Leo wanakupigia makofi, leo hii hii wanakugeuka!" Na pole ilikuwa inanitoka vizuri, ya moto, hadi machozi yakanilenga. Sijui yalikuwa ya nini.

"Sitini na tatu," akasema. "Nilidhani... Sijui nilidhani nini. Na akina mama sijui niwaambieje."

"Nitakusaidia kuwaambia."

"Wewe usijilaumu, kaka. Wewe ulisimama na mimi."

"Mpaka mwisho," nikasema. "Kinyozi alinishikia tu mbele, mimi nilikuwa uani kwenye mkia, nawapanga watu wako."

Kinyozi akainua macho kutoka kwenye viatu. Kabla hajafungua mdomo, mlango wa kushoto ukasukumwa, mama akaingia akicheza, kitambaa kimemtoka kichwani, kikundi chote nyuma yake. Akamrukia mdogo wangu, akamzungusha.

"Mwenyekiti wangu! Mwenyekiti wangu mimi! Mbona unalia siku ya furaha?"

"Mama," mdogo wangu akasema, "nimeshindwa. Sitini na tatu kwa sabini."

"Umeshindwaje? Sabini ndio sisi! Nimehesabiwa mwenyewe kwa masikio yangu, hamsini na tisa, mlango ule pale."

"Mlango ule ni wa makamu, mama."

"Haiwezekani. Mimi sikufuata mlango, nilimfuata kaka yako." Akanyoosha mkono, akaniwekea begani palepale, kama anayeonyesha ushahidi mahakamani. "Aliyekuwa mbele yangu ni huyu. Hamsini na nane. Hebu waambie, mwanangu, si wewe?"

Mdogo wangu aliutazama mkono wa mama, akautazama uso wangu, akasubiri nijibu.